Giza Kati ya Picha

Winnipeg, nyuzi thelathini chini ya sifuri,
Halyna Prokopchuk alibeba projekta mgongoni
kama abebaye mtoto,
akashuka nayo chini ya kanisa lililokosa waumini.
Watazamaji saba.
Wawili walifuata joto.

"Msitafute hadithi," aliwaambia, "hadithi zimejaa mjini.
Tazameni mkwaruzo. Tazameni vumbi."
Dakika kumi na moja za dirisha na theluji.
Mmoja akakoroma;
Halyna akaandika ukurasa mzima
juu ya mkoromo ule.

Chuo kilimnyima uprofesa mara mbili.
Mkuu wa idara aliuliza: sinema isiyo na kichwa wala miguu
inafundishwa kwa faida gani?
Akajibu kwa kitabu cha kurasa mia nne.
Ziliuzwa nakala mia mbili na sita,
sita kwa mama yake.

Mimi nilikuwa mchukuzi wa mikebe.
Nilimwona akinusa kila mkebe kabla ya kuufungua:
ukinuka siki, alijua filamu inakufa,
akaipangusa kwa pamba, inchi kwa inchi,
hana haraka, kama amwoshaye mgonjwa.

Siku ya kustaafu walimpa saa ya ukutani.
Akaichomoa betri.
"Kati ya picha na picha kuna giza," alisema.
"Jicho halilioni, lakini ndilo lishonalo mwendo.
Nimeketi humo miaka arobaini."

Kisha akazima taa,
akapapasa swichi ya projekta,
akaikosa,
akacheka.