Alama Mbili

Mwezi Mei, kaskazini mwa Wisconsin,
theluji ya mwisho bado imejibanza nyuma ya zizi,
nyeusi kama kitambaa cha kufutia oili.
Tulilitoa gari ghalani kwa kulisukuma:
namba arobaini na saba, la buluu,
isipokuwa mlango wa kulia, wa kijani,
tuliourithi kwa gari lililokufa.

Mimi ni mtu wa matairi.
Napima upepo, naandika kwa chaki, nafunga mdomo.
Anayeshika usukani ni Ardis, mtoto wa dada yangu,
aliyekwisha kukamua ng'ombe sitini
kabla wewe hujakumbuka kuamka,
na ukimpa mkono siku ya mbio
unanuka maziwa na petroli mpaka Jumatatu.

Usiku wa kwanza baridi ilikuwa ya kung'ata.
Watazamaji walishaanza kukunja mablanketi.
Zilibaki raundi sita, tairi la mbele kulia likapasuka.
Nikamwambia redioni: Ingia.
Kimya.
Nikamwambia: Ardis, ingia, umepoteza mguu!
Akajibu: Ninayo mitatu.
Akaburura chuma juu ya lami, cheche zikiruka
kama mtu anayenoa panga gizani,
akamaliza wa kumi na moja.

Nani humpigia makofi wa kumi na moja?
Rimu ilikuwa imelika upande, haitengenezeki.
Nilimfokea mbele ya watu:
Dola mia na ishirini, Ardis! Kwa ajili ya nini?
Alikuwa anavua glavu, kidole kimoja kimoja.
Hakunijibu.

Kisha kiangazi kikaja kwa pupa.
Denny Krzewina akashinda. Akashinda tena.
Injini yake mpya, trela lake lina jokofu na mapazia,
na kila akishinda huzungusha matairi papo hapo
mpaka moshi unafunika jukwaa
na watoto wanakohoa kwa furaha.
Sisi: wa tatu. Wa nne. Wa pili.
Wa sita, siku ambayo nyasi za ng'ombe hazikutaka kungoja,
akaja amechelewa, mabua kwenye nywele.
Penye kibanda cha jibini ya kukaanga nilisikia:
Yule binti anajua, lakini hana kucha.

Injini ya Krzewina ilimfia mara mbili.
Agosti ikawa zamu yetu: gia zikasagika kama njugu,
saa mbili kabla ya mbio.
Aliyekuja na gia boksi kwenye toroli ni yeye, Denny,
uso umekunjamana kama wa mtu anayelipa faini.
Akasema: Nataka kukushinda.
Siwezi kukushinda kama hupo.

Septemba, usiku wa mwisho, alishinda yeye.
Ardis wa tano.
Loretta wa mahesabu akajumlisha kwa penseli,
akafuta, akajumlisha,
akamwita mumewe naye ajumlishe.
Kipaza sauti kikakohoa: bingwa wa msimu, Ardis Stenerud,
kwa alama mbili.
Nusu ya jukwaa ikazomea.
Bingwa gani huyu, asiyeshinda hata mbio moja?
Wahenga walisema kutangulia si kufika,
lakini wahenga hawakuketi jukwaa lile
wakiwa wamelipa kiingilio.

Nilirudi nyumbani nikasoma matokeo ya Mei
kwenye karatasi yenye doa la kahawa.
Wa kumi na mbili. Wa kumi na tatu.
Wawili waliokuwa nyuma yake usiku ule,
wawili ambao wangempita
kama angenisikiliza.

Saa kumi na nusu alfajiri taa ya zizi iliwaka.
Kikombe kilikuwa juu ya tangi la maziwa,
ndani yake tayari mna misumari.
Nikaifukua ile rimu kwenye vyuma chakavu,
nikaiosha, nikaitundika mlangoni.
Aliiona. Akaigonga kwa ukucha,
mara moja, ikalia.
Dola mia na ishirini, akasema,
akaendelea kukamua.