Safu ya Pili

Hjalgrím hasali. Kazi yake ni vitufe.
Kila Jumapili, saa tano, huirusha ibada
kutoka kanisa la mbao hadi visiwa vyote vya Faroe.

Wakubwa wa redio wakauliza: nani bado anasikiliza?
Akawasomea barua ya Billa, miaka tisini na mmoja,
njia imezibwa na theluji, goti limegoma:

"Mahubiri nayajua. Nipeni mabenchi yakilia,
nipeni kikohozi cha Sunnvør, safu ya pili,
nijue bado yupo."

Leo kikohozi hakikuja.
Hjalgrím akapandisha kipaza sauti cha safu ile,
akangoja.
Mabenchi tu.
Kimya kilicholipiwa na kodi ya wote,
hata wasiosali,
kikaenda hewani,
kikapiga hodi kwa Billa.