Mshale wa Mizani

Simu iliniamuru nitazame kamera.
Nikatazama.
Ikaniambia nisogee penye mwanga.
Saa kumi na moja alfajiri, Januari, Leeds:
mwanga upi?
Nikashuka garini, nikasimama chini ya taa
ya duka la samaki na chipsi lililofungwa tangu jana,
theluji ikinitua kwenye kope,
nikatabasamu kama mposaji.
Ikajibu: wewe si wewe.

Haikusema hivyo hasa. Ilisema kwa adabu,
kama wanavyokataa watu wa huku:
*Tunasikitika, hatukuweza kukutambua.
Asante kwa kuwa mshirika wetu.*
Mshirika!
Miaka sita, safari elfu kumi na nne,
na sijui hata mlango wa ofisi yao una rangi gani.

Kwetu mtu akikufukuza kazi, ana jina.
Ana kitambi, ana shemeji wa kusema naye.
Unamvizia nje ya msikiti, unamwamkia,
unamwaga yako yote,
na asipokurudisha, angalau
umemwona akiyakwepa macho yako.
Huyu wangu hana macho,
na ndiye aliyeapa kwamba hanijui kwa sura.

Nikaandika barua. Ikajibu mashine iitwayo Daisy.
Nikaandika tena.
Daisy akaniomba nimpe nyota.

Jumatano tukaenda ukumbi wa manispaa:
mimi, Tesfalem, Ghulam Rasool na koti lake la harusi,
na Bi Marzena aendeshaye usiku ili mchana alee mjukuu.
Mwenyekiti wa kamati ya leseni, Bi Ackroyd,
alikuwa na mafua na maswali mafupi.
Wakili wa kampuni alitokea kwenye skrini;
nyuma yake mmea wa chunguni
ulionawiri kutupita sote.

Nauli anapanga nani?
— Soko.
Na fungu la kampuni ni kiasi gani?
— Inategemea.
Inategemea nini?
— Hiyo, mheshimiwa, ni siri ya biashara.

Ghulam akainuka na karatasi mbili.
Ya abiria: pauni thelathini na nane hadi uwanja wa ndege.
Yake: pauni kumi na tisa na peni kumi.
Safari moja, gari moja, mvua ileile.
Akazilaza mezani sambamba, kama mapacha
ambao mmoja kanyimwa titi.

Mimi zamu yangu ilipofika nilisahau niliyoyaandika.
Nikawaeleza habari za Urambo,
za marobota ya tumbaku ya baba yangu
na mizani ya chama cha ushirika.
Tulipunjwa, nikasema, msidhani hatukupunjwa.
Karani alikuwa na kidole kizito.
Lakini mizani ilisimama uwanjani, mchana kweupe,
na mshale wake uliuona hata mtoto.
Baba aliweza kusema: toa kidole.
Basi mimi siombi huruma, Bi Mwenyekiti.
Nataka niuone mshale.
Nataka nijue pa kusema: toa kidole.

Bi Ackroyd alipenga kamasi, akaandika kitu.
Wakili akasema sauti ilikuwa inakatika.
Kamati ikaahirisha hadi Aprili.
Tukapewa chai, na biskuti mbili kila mtu;
Tesfalem akatia zake mfukoni kwa ajili ya binti yake.

Siku ya kumi na moja akaunti ikafunguka.
Hakuna aliyeomba radhi, hakuna aliyeeleza.
Uso wangu ulikuwa uleule,
ila nilikuwa nimekopa kodi ya nyumba kwa watu wawili.

Nilikuwa nasugua sufuria simu ilipolia:
Harehills, dakika nne, pauni tatu na peni themanini.
Mafuta yenyewe hayarudi.
Nami nimeona aibu, naandika ili nisijifiche,
jinsi moyo wangu ulivyoruka
kama wa mbwa aliyesikia funguo.
Mikono ina povu bado,
nikabonyeza *Kubali* kwa kifundo cha kidole.