Dola Kumi na Nane

Kibandani mwangu mna kiti kimoja, hita ya umeme,
dirisha la kuteleza, na kitufe cha kuinulia kizuizi
ambacho hakijui salamu, kinajua dola kumi na nane.
Ni Reno, Nevada. Januari. Saa nne za usiku.
Theluji inayaangukia magari ya wasiolipa, kule barabarani;
ya waliolipa yako chini ya zege, makavu kama biskuti.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema waliosema.
Hoteli yetu imeisoma methali hiyo kwa miwani ya mhasibu:
mgeni njoo, mwenyeji apone madeni.

Basi ikaja Buick ya kijani iliyopauka,
ndani Orville Tanksley, na Earlene mkewe
kapakata keki kama mtu aliyepakata paka mgonjwa.
Miaka hamsini ya ndoa, akaniambia, kabla sijauliza.
Nikamtajia bei.
Akazima injini.

"Binti, mwaka wa sabini na nane, Julai,
joto la kuyeyusha soli za viatu,
mimi na wenzangu tulizimimina ghorofa hizi zote nne.
Nguzo ya kumi na moja ina kiganja changu, upande wa ukutani.
Nilikibandika saruji ikiwa mbichi, msimamizi akiwa chooni.
Leo nilipie kivuli cha jasho langu mwenyewe?"

Nyuma yake magari matatu. La tatu likaanza honi.

Ninayo kadi ya majibu, meneja Pruett kaitia plastiki:
taa, kamera, walinzi, lifti, kuzoa theluji.
Yote kweli. Kiganja hakimo.

Na mimi gari sina, niseme langu.
Nilipokuwa nikitandika vitanda ghorofa ya tisa,
enzi ambazo hapa kuegesha kuliitwa bure,
nilimwona mama aliyeshuka basi la Sacramento na watoto wanne.
Akalipa chumba, na ndani ya bei ya chumba kile
akailipia Buick ya mtu asiyemjua,
bila risiti, bila hata kushukuriwa.
Bure ni mlipaji aliyefichwa jina.
Hivyo walipoleta kizuizi nilisema: afadhali.
Kila mzigo na bega lake.

Halafu nikangoja bei ya chumba ishuke.
Bado nangoja.
Wakaongeza ada ya bwawa,
bwawa lenyewe limefunikwa turubai tangu Oktoba.
Hapo ndipo hoja yangu inapochechemea,
nami sijapata gongo la kuipa.

Honi tena. Earlene akasema, "Orville, twende zetu,"
si kwa hasira; kwa sauti ya mtu anayefunga droo.

Nikainama dirishani. "Robo saa ya kwanza hailipiwi.
Kamwonyeshe nguzo."
Kizuizi kikainuka.

Niliitazama saa kuliko nilivyoyatazama magari.
Dakika kumi na nne na sekunde arobaini:
taa zao zikarudi mteremkoni, keki ingali mapajani,
wote wawili wakicheka jambo ambalo halikunihusu.
Mashine ikasoma tiketi, deni sifuri,
ikamwambia asante, karibu tena,
kwa sauti ileile inayowaambia wote.
Wakakata kushoto, kuelekea moteli za Mtaa wa Nne
ambako vibao bado vinaahidi maegesho ya bure
kwa neoni iliyoungua herufi moja.

Alfajiri, kabla ya basi langu, nikapanda na tochi.
Nguzo ya kumi na moja, upande wa ukutani.
Rangi nyeupe, juu hadi chini, nzito, ya mwaka jana.
Nikaupitisha mkono polepole, kama anayetafuta swichi gizani.
Labda kipo chini ya rangi.
Labda wao walihesabu nguzo
kuanzia upande ule mwingine.