Sauti ya Nne

Probox yangu ilishuka melini ikiongea Kijapani,
mwanamke ndani ya dashibodi akinisalimu kila asubuhi
kwa adabu ambayo mpaka leo sijui maana yake.
Redio ilikomea tisini.
Stesheni tamu za Mbeya ziko huko juu, mia na kitu,
kama parachichi za jirani: unaziona, huzifikii.

Spika za kiwandani zilikuwa karatasi.
Sisemi kwa mafumbo. Karatasi,
na baridi ya Uyole ilizilowesha, jua likazikausha,
mpaka ya kushoto ikachanika, ikawa inakohoa,
na ya kulia ikabaki kuongea puani.

Nilikuwa na laki moja na ishirini,
ya mayai ya wiki mbili, ukitoa yaliyopasuka kwenye matuta ya Igawilo.
Subilaga akazihesabu, akanirudishia.
"Laki na kumi. Hii nyingine ya pumba."

Gwakisa wa Sido hana bango.
Ana mwavuli, betri ya lori, na masikio.
Nikamwambia nataka besi ya kutikisa vioo.
Akaugonga mlango kwa kidole, ngo, ngo,
kama mganga anayepima tumbo la mtoto:
"Mlango wako debe tupu.
Ukiuwekea spika ya milioni, utavuma kwa milioni."

Nikamtolea trei kuukuu za kuzibia, nikijiona mjanja.
"Trei ni za mayai," akasema bila kugeuka.

Basi akanunua lami ya kuzibia mabati,
akaipasha juu ya jiko la mkaa,
akaibandika ndani ya mlango, akaikandamiza kwa chupa ya soda.
Pete akazikata kwenye plaiwudi ya seremala wa Soweto.
Spika akazitoa kwenye Mark II iliyopinduka Kitonga
("mwenyewe mzima," akasema kabla sijauliza).
Redio ya mtumba, tundu la flashi, kitufe kimoja hakipo.
Chini kabisa ya mlango wa nyuma
tukaokota sarafu ya ugenini yenye tundu katikati.
Amplifaya? "Hiyo ya wenye harusi."

Mwisho wa hesabu nikapungukiwa elfu tano.
Nikamlipa nusu trei.
Nayo, kweli, ilikuwa ya mayai.

Jioni, ukungu ukiteremka Loleza,
nikampakia Subilaga, nikachomeka flashi ya kwaya,
ile tuliyorekodi mwaka wa kuinua mnara wa kengele.
Miaka tisa ananiambia sikuimba.
"Ulikuwa unafungua mdomo tu, Asukile.
Nimesikiliza kwenye simu, nimesikiliza kwa mama. Besi hamna."

Soprano zikaingia, kama siku zote.
Alto. Tena.
Halafu chini, usawa wa magoti,
kitu kikasogea
kama Kiwira inapopita chini ya Daraja la Mungu,
huioni bado, lakini jiwe unalokanyaga linaijua.
Sauti ya nne.
Lwitiko. Anyimike. Yule mshona suti wa Ilemi.
Na mimi.

Sikusema neno. Nikamwangalia tu.

Ubeti wa pili, kwenye haleluya,
wanaume wote wakanyamaza kwa pamoja
na mmoja, peke yake, akaendelea.
Nusu pigo. Labda zaidi.
Safi, ya kina, isiyo na shaka hata kidogo.

Subilaga akarudisha nyuma.
Akarudisha tena.
Akacheka mpaka akafungua mlango apate hewa,
akaufunga, nao ukajibu dup, mzito, kama wa gari la benki.
"Kumbe ulikuwapo," akasema, akifuta macho.

Siku hizi nasikia pia beringi ya gurudumu la mbele.
Inaelekea ililia miaka yote
chini ya kelele za mlango.
Gwakisa anasema elfu thelathini.
Subilaga anasema pumba kwanza.