Kabari

Niseme ukweli kwanza, aibu nitaipata baadaye:
kitabu hiki kilikaa miaka miwili
chini ya mguu wa mashine ya fotokopi
hapa dukani kwangu, Wete,
nami nikikiita kabari.

Mashine ilikuwa ikichechemea.
Sakafu imeliwa na chumvi,
karatasi zikitoka zimepinda shingo
kama mtu anayesikiliza ya jirani.
Nikatafuta kitu cha unene wa kidole.
Sikwenda mbali.

Mkasi Shaame aliniachia kumi,
vimefungwa kwa uzi wa katani.
"Ukiuza, elfu yako, tatu zangu."
Nikasema inshallah,
ile inshallah ya kumfikisha mtu mlangoni.
Wateja wangu hutaka mitihani ya nyuma,
fomu za uhamisho, bahasha za kaki.
Nani anunue hadithi
ya mwanamke wa Mtambwe tunayemjua
mpaka deni lake la unga?

Jumanne umeme ukakatika saa nne.
Saa sita nilikuwa nimemaliza gazeti la wiki iliyopita,
hata tangazo la zabuni nimelisoma mpaka sahihi.
Nikainua mashine kwa bega,
nikakivuta.

Jalada limechubuka. Katikati yake
duara la mguu, ukubwa wa sarafu ya mia mbili,
limezama,
na ukifungua, kovu linakufuata
ukurasa kwa ukurasa, likififia,
hadi wa sitini na moja, ndipo karatasi inapopona.

Sentensi ya kwanza:
"Jina la mume wangu nililiandika kwa hati nzuri kuliko yote."

Nikavuta kigoda.

Ni karani wa bandari, Mkoani.
Kazi yake kuandika wanaoondoka:
jina, umri, idadi ya watoto.
Asubuhi moja foleni inamletea wake,
na begi ambalo zipu yake aliishona mwenyewe.
Hamwulizi aendako.
Anamwuliza wanaloulizwa wote, "Mizigo mingapi?"
Naye anajibu, "Mmoja."
Basi. Hakuna kilio, hakuna mganga,
hakuna binti wa kupewa funzo mwishoni.
Wino tu, na foleni inasogea.

Maneno yaliyozama ndani ya duara
niliyageuzia mwanga wa mlangoni, ubavu ubavu,
kama usomavyo jina lililobakia
kwenye kipande cha sabuni.
Moja lilikuwa "subiri".
Jingine, ukurasa wa arubaini, lilinishinda.

Akaja mwalimu Mbwana na mtihani wa kidato cha pili.
"Umeme?"
"Bado. Simama nikusomee."
Alinitazama kama aliyepandwa na homa.
Alisimama kurasa tatu, ufunguo wa pikipiki mkononi,
kisha akamtuma mtoto skuli akaseme anachelewa.

Alasiri mashine ikanguruma, ikachechemea.
Nikaiacha.
Vile tisa nikavikata uzi,
nikavipanga mbele ya mitihani ya nyuma,
na mwenye haraka avirukie.

Alhamisi, Mkasi huyo, amekuja kununua nusu rimu.
Hapo ndipo iliponichoma:
miaka miwili ananunua karatasi kwangu,
sijamwuliza hata siku moja anaandika nini.

"Vimekwenda?"
"Kimoja," nikasema, nikampa nne, si tatu.
Akakiona kaunta, na duara lake.
Akatia kidole gumba ndani, kikakaa sawasawa.
Akaitazama mashine. Akaitazama sakafu.
Nikasubiri kutukanwa; nilikuwa na haki ya kutukanwa.

"Ukurasa wa arubaini," nikasema haraka,
"kuna neno limefutika. Lilikuwa neno gani?"

Akatoka nacho hadi kwenye jua,
akakiinamisha huku, akakiinamisha kule,
midomo inasogea.
Alikaa huko hata mteja akaja akaondoka.

"Wallahi," akasema, "hata mimi silikumbuki,"
akacheka mpaka ushungi ukamteleza,
kisha akarudi ndani, akakiweka juu ya vile tisa.
"Hebu fanya rimu nzima."