Simu Isiyo na Tano

Waliizindua saa mbili usiku kwa saa za Salo,
kwao huko asubuhi, jua limepangusa vioo.
Sisi tulikuwa kwenye mkahawa wa kituo cha mafuta,
buti zetu zikitiririsha theluji chini ya meza:
Urpo na kofia yake ya masikio,
Eetu, mpwa wangu, na andazi la mdalasini asilolila,
mimi na kidole gumba changu.

Mtu mwembamba akapanda jukwaani, viatu vyeupe pepepe,
akainua kitu cheusi, bapa, kama kigae cha bafuni.
Haina kitufe, akasema. Makofi.
Haina tundu. Makofi.
Haina kingo. Ukumbi mzima ukasimama.
Nikamwambia Urpo, hawa wakiendelea kupunguza hivi
mwakani watatuuzia kiganja kitupu
na foleni tutapanga.
Eetu akaninyamazisha kwa mkono.

Kikaja na kisanduku cha kuchomeka kwenye televisheni,
kidogo, sawa na kipande cha sabuni kilichoogewa wiki mbili,
kinachojua, eti, unachotaka kutazama kabla hujataka.
Urpo akauliza kama kinajua hoki ya Jumanne.
Akauliza tena, kwa sauti, ameielekea skrini.
Kimya.
"Basi hakijui," akasema, akairudia kahawa yake.

Venla wa kaunta hakutazama picha, alitazama bei.
Akaigawa kwa mshahara wake wa saa, mgongoni mwa risiti,
akapata siku kumi na mbili na nusu za kumimina kahawa.
"Hiyo nusu," akasema, "ndiyo inayoniuma."

Halafu mtandao ukakwama.
Mtu mwembamba akabaki mdomo wazi,
neno limemnasa kooni kama mwiba wa samaki,
na kiduara kikizunguka usoni pake, kikizunguka.
Eetu akaomba dua. Mimi nikapata nafasi ya kukumbuka.

Miaka kumi na tisa nilibonyeza tano.
Si nne, si sita. Tano,
yenye chunusi ndogo katikati
ili kidole kisichoona kijue kimefika nyumbani.
Mara tatu kila simu, na mkanda haukomi kuzileta;
na kila ya mia niliidondosha kutoka usawa wa kifua,
nikainamisha sikio.
Simu iliyofungwa vizuri huanguka kwa neno moja.
Iliyofungwa vibaya hujieleza.

Kipya kinyemi, ingawa kidonda; najua,
vipya vya watu wengine nilivifunga mimi.
Siku kiwanda kilipofungwa tulipewa keki.
Gumba langu halikupata habari hiyo.
Usiku hubonyeza blanketi, mara tatu,
na marehemu mume wangu alikuwa akiitika.

Jumamosi nikapanda basi hadi Turku.
Dukani walikuwa wameifunga kwa kamba ya chuma
kama mbuzi wa sikukuu.
Nikaibonyeza pale ambapo tano ingekaa.
Kioo kikatetemeka kidogo, kikijifanya kitufe,
nikaona haya kwa niaba yake.
Muuzaji, kijana mwenye beji na ndevu tatu,
akaanza kunieleza kamera:
mwezi, unyoya wa bundi, kope za mtoto aliyelala.
Nikaiachia.

Kamba ilikuwa ndefu kuliko walivyodhani.
Ko.
Neno moja tu.

Kijana akashika kichwa, mlinzi akageuka,
mama mmoja akamvuta mwanawe karibu.
Nikawaambia, msiogope, haijapasuka;
kuna mtu mahali fulani, jina lake hawakulitaja jukwaani,
na huenda gumba lake halilali,
mwambieni amefunga vizuri.

Kijana akaiokota, akaipangusa kwa shati,
akaniuliza, kwa adabu ya uchovu, kama ninainunua.
Nikamwomba aiachie yeye, mara moja zaidi.
Sikio langu la kushoto lilikuwa halijawa tayari.